Kofia ya Maikrofoni

Wanangu mnaoshika maikrofoni siku hizi, na nyinyi ambao simu zenu ndizo kamera, ndizo redio na ndizo gazeti, klipu yenu nimeiona. Nimetumiwa mara nyingi mpaka simu yangu imejaa. Ni ya mazishi ya Mfuniko, yule mchekeshaji, pale makaburi ya Kinondoni. Bibi kizee mmoja, khanga kaifunga kiunoni, anapenya katikati ya wasanii waliovaa miwani myeusi, anampokonya mchimba kaburi koleo, anakalia kifusi cha mchanga, kisha anainama juu ya kaburi na kusema neno. Mmeandika chini yake: "Kichaa." Mwingine kaandika: "Walinzi walikuwa wapi?" Na kwa kuwa kinachosikika ni upepo mtupu, mnabishana bibi alisema nini. Wapo wanaoapa kwamba alimlaani marehemu.

Mimi nilikuwepo, nimesimama karibu naye kuliko hao wenye simu. Bibi yule namjua, na marehemu nilimjua vilevile. Lakini kabla sijafika kwao niseme la kazi, maana ndilo linalonikera zaidi. Upepo ule si bahati mbaya, ni uvivu. Sikio la binadamu huchagua, maikrofoni haichagui. Ukiipeleka mahali pa wazi bila kuifunika, unarudi nyumbani na upepo, na maneno ya watu umeyaacha hukohuko.

Aliyenifundisha hilo ni marehemu Mzee Faraji, fundi mstaafu wa redio. Kituo chetu cha televisheni kilimchukua kwa sababu ndiye pekee aliyejua waya upi unaingia wapi. Soko huria lilikuwa limeingia kwa kishindo: soda za kopo, mashindano ya urembo, mitumba, televisheni za watu binafsi, vyote kwa mpigo, na sisi tulioajiriwa humo tulijifunza kazi hewani huku watazamaji wakituona. Siku yangu ya kwanza Mzee Faraji aliniketisha katika chumba kitupu, akaniambia nifumbe macho nimtajie ninachosikia. Nikasema, "Sisikii kitu, mzee." Akatoka, akafunga mlango. Aliniacha mle mpaka nikasikia feni ya chumba cha pili, bomba la chooni, na tumbo langu mwenyewe likidai chakula. Aliporudi nikamtajia vyote. Akasema, "Sasa unaweza kugusa nyaya zangu." Sina cheti kingine cha kazi hii zaidi ya hicho.

Na msidhani tulikuwa malaika. Harusi moja ya kigogo niliiweka jenereta upande upepo unakotoka, na mkanda wote maharusi wanaapishwa na injini. Jenereta huwekwa upepo unakoelekea, nyuma ya nyumba, tena magunia yaliyoloweshwa maji yaning'inizwe mbele yake. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilifundishwa na baba mzazi wa bibi harusi, kwa matusi.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Kituo chetu kiliungana na kampuni moja ya sabuni kufanya kipindi kikubwa cha kuchangisha. Jina lake lilikuwa refu, lenye neno "upendo" ndani yake, na nitawaepushia. Wasanii, wanasoka na warembo wangepewa majaribio magumu ya maisha ya mwananchi wa kawaida, wachekeshaji wangechekesha, watazamaji wangechanga, na mwishoni watu wa Kiongoroni, kule ndani kabisa ya delta ya Rufiji karibu na bahari, wangekabidhiwa boti ya injini ya kubebea wagonjwa. Mimi nilipangwa upande wa sauti kwa sababu mbili. Nilikuwa hodari, na nilizaliwa Mtawanya, hapo hapo Kibiti, kwa hiyo nisingedai mkalimani.

Mtayarishaji wetu aliitwa Edgar. Alikuwa amesomea Ulaya namna ya kuwahurumia watu kwa kamera. Mastaa walipofika Kibiti na kuambiwa kwamba delta huendewa kwa boti, na kwamba njiani hakuna soda baridi, wengi waliumwa ghafla. Edgar hakubabaika. "Matope ni matope," alisema, akawalipa akina mama wa jirani wamwage ndoo za maji nyuma ya gesti. Yule mwanasoka alibebeshwa boriti za mikoko akachagua zile nyembamba, ambazo kwetu ni fito. Mrembo alivuka dimbwi akiwa na viatu, kimoja kikazama kisionekane tena, akalia machozi ya kweli. Kwenye kipindi waliweka muziki wa huzuni juu ya machozi yale, na taifa zima likaamini anawalilia wajawazito wa Kiongoroni. Nilimwambia Edgar kwamba kwenye mkanda mrembo anasikika wazi akisema, "Kiatu changu." Akanijibu nipandishe muziki.

Aliyekubali kwenda delta ni mmoja tu, Mfuniko. Nyinyi mlimjua akiwa mtu mzima mwenye tumbo. Enzi zile alikuwa mwembamba, mcheshi kupita kiasi, sura yake ndiyo iliyokuwa kwenye pakiti za ile sabuni, na alikuwa na msemo wake kabla ya kila tangazo la biashara. Anainua kidole, anaipiga kamera jicho, anasema: "Usiondoke hapo ulipo, tunarudi sasa hivi!" Watoto waliusema mashuleni. Wakubwa waliusema wakienda chooni. Yeye mwenyewe aliusema kwa mkewe akitoka asubuhi, na mara nyingi hakurudi sasa hivi.

Tulipanda boti Nyamisati, tukafika Kiongoroni maji yamekupwa. Jaribio la Mfuniko lilikuwa kuusukuma mtumbwi juu ya matope ukiwa na mjamzito ndani. Mjamzito tuliyekuja naye alikuwa mwigizaji kutoka Dar, mwenye mto wa kulalia ndani ya gauni. Wanakijiji walipanga mstari kutazama. Mbele yao alisimama mkunga wao, Bi Tatu, mama wa makamo, mkavu, asiyecheka ovyo. Aliutazama ule mto kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na huyu mimba yake anakwenda kujifungulia wapi?"

Nikamwambia ni maigizo, Bi Tatu.

"Naona. Mto umepinda upande."

Wakati huo mimi nilikuwa na janga langu. Upepo wa bahari ulikuwa unavuma moja kwa moja, na sponji ya kufunikia maikrofoni ilikuwa imedondokea majini njiani. Nilifunga leso, haikusaidia. Nikavua soksi, Mfuniko akagoma kuongea mbele yake, na sikumlaumu. Bi Tatu aliyaona mahangaiko yangu, akaingia ndani, akatoka na kofia ya sufu ya mtoto mchanga, ya kijani, imefumwa kwa mkono. Akaivisha maikrofoni mwenyewe. Ilikaa sawasawa.

"Nitairudisha, Bi Tatu," nikasema. "Mwenyewe asije akaihitaji."

"Mwenyewe hakufika," akasema.

Akaeleza palepale, bila kupaza sauti. Kofia aliifuma kwa ajili ya mjukuu. Binti yake Zubeda alishikwa na uchungu, ukawa mbaya, wakampakia mtumbwini kumpeleka hospitali. Maji yakakupwa wakiwa katikati ya mkondo. Wakakaa juu ya matope wakisubiri yajae. Yalipojaa waligeuza njia kurudi nyumbani, maana Zubeda na mtoto walikuwa wamekwisha kufa.

Mimi nilikuwa na spika za masikioni na maikrofoni ilikuwa wazi, kwa hiyo yote hayo yaliingia kichwani mwangu kana kwamba ananisemea ndani. Nilishindwa kumtazama. Mfuniko alikuwa amesimama kando, matope yakimfika magotini, mikono juu ya mtumbwi. Mwishowe akasema, "Bibi, boti inakuja. Naahidi mimi. Mimi Mngoni, mtani wako."

Hapa lazima nisimame kidogo, maana najua wengi wenu neno utani mnalijua kama mzaha tu. Sisi Wandengereko na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kukamata kitu chako, kuku, baiskeli, hata jeneza la baba yako, akakikalia mpaka ukikomboe kwa sharti lake. Ukinuna umejiaibisha wewe. Na kwenye msiba wako ndiye atakayekuja kuchimba, kupika, kukuigiza ulivyokuwa ukitembea, ili wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Ni kazi, na haina kustaafu.

Bi Tatu alimtazama Mfuniko. "Wee, angalia unachosema. Mtani akisema, kasema."

"Nimesema," Mfuniko akajibu.

Tulipoondoka alisimama nyuma ya boti, akainua kidole, akapiga kelele: "Usiondoke hapo ulipo, tunarudi sasa hivi!" Kijiji kizima kilicheka. Bi Tatu hakucheka. "Wote husema hivyo," alisema, lakini kofia hakuidai.

Siku ya kipindi chenyewe tulikuwa Bungu, mchana kweupe. Edgar aliichagua Bungu kwa sababu iko kando ya barabara kuu na mastaa wangeweza kurudi Dar kulala. Gari la kurushia matangazo lilikodiwa Afrika Kusini. Lori lilisimamishwa kando ya jukwaa, na juu yake ile boti, nyeupe inang'aa, ngazi imeegemezwa ubavuni. Jina la sabuni lilikuwa limeandikwa ubavu mzima. Neno "wagonjwa" lilikuwa karibu na injini, dogo, ulione ukiwa tayari unazama. Watu walitoka Kibiti, Ikwiriri, Mtawanya. Kutoka Kiongoroni alikuja Bi Tatu na akina mama wenzake, wamevaa sare za khanga.

Sasa sikieni siri ya kazi ya sauti. Mtu akishavishwa maikrofoni ya kifuani husahau kwamba ameivaa. Nimesikia ndoa zikivunjika, nimesikia waheshimiwa wakijamba. Huwa unanyamaza, ndiyo amana ya kazi. Lakini siku ile, kabla hatujaingia hewani, nilikuwa najaribu maikrofoni ya meneja wa sabuni, nikamsikia akimwambia Edgar: "Boti ikishaonyeshwa, lori linyooke Dar. Nina maonyesho ya biashara. Hawa watapata yao baadaye, bajeti ikiruhusu." Edgar akauliza, "Na wakiuliza?" Meneja akasema, "Waambie iko kwenye mchakato."

Ndipo nikatazama lile lori. Pua yake ilikuwa imeelekezwa Dar tangu asubuhi. Pale pale Bungu ndipo njia ya Nyamisati inapochepuka, hatua chache tu kutoka jukwaani, na wala hawakujisumbua kuligeuza.

Nilikuwa na mke, watoto na nyumba ya kupanga. Nikaenda kumvisha Bi Tatu maikrofoni, na kwa watu wa sauti fundisho: mwanamke wa khanga huvishwa juu ya fundo, si chini yake, maana khanga mpya inakwaruza. Nilipokuwa nikifunga nikamwambia yote kwa Kindengereko, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Hakushtuka. Alitengeneza fundo la khanga yake, akaniuliza, "Yule Mngoni bado anasema yeye ni mtani?"

"Sijui, Bi Tatu. Tutamsikia."

Tulimsikia. Kipindi kilipoanza Mfuniko aliruka jukwaani, na kwa kuwa kuchekesha watu wa kwetu bila utani ni kazi ngumu, alianza nao: "Watu wa Rufiji hamjambo! Mimi Mngoni wa Songea! Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka mkaogopa nchi kavu, mkahamia kwenye matope! Watani zangu, hoyee!" Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Wazee wa mstari wa mbele walicheka, kisha wakatazamana. Amesema mbele ya taifa zima, na taifa lilikuwa shahidi.

Ikaja zamu ya makabidhiano. Meneja akatoa hotuba, akampa Bi Tatu ufunguo uliowekwa juu ya mto mdogo wa mahameli. Bi Tatu akauchukua, akaufunga kwenye pindo la khanga. Badala ya kurudi kwenye kiti akapanda ile ngazi, akaingia botini, akakaa.

"Mtani," akasema, na kupitia maikrofoni yangu alisikika mpaka Mwanza, "chombo chako nimekikamata."

Uwanja ukapiga vigelegele. Mfuniko akacheka, akidhani ni nyongeza ya burudani. Akatoa noti, akampandishia ili akomboe. Bi Tatu akaipokea, akaifunga palepale kwenye pindo, wala hakuinuka.

"Hii ya kunitazama. Ya kukomboa bado."

"Unataka nini, bibi?"

"Nataka lori ligeuke, lielekee Nyamisati. Na wewe upande ukae hapa mbele yangu. Mie sishuki."

Meneja alikuwa ametoa meno yote nje kwa sababu kamera ilikuwa juu yake, ila jasho lilimtoka kama aliyekula pilipili. Wale akina mama wa Kiongoroni wakatandika mikeka barabarani, mbele ya magurudumu, upande wa Dar, wakakaa. Wenyeji wa Bungu wakaona vyema wakae nao. Nami kwenye masikio nilimsikia Edgar akimfokea Mfuniko kupitia kile kidude cha sikioni: "Mshushe! Mshushe mara moja! Unasikia? Ukipanda humo, sabuni umeikosa!"

Sasa ilikuwa juu yake. Utani angeweza kuugeuza mzaha wa jukwaani, akateremka, akaendelea kula na kunywa kwa pakiti za sabuni. Nilimwona akimtazama Bi Tatu. Bi Tatu naye hakumwomba. Alikaa tu na pindo lake, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya matope.

Mfuniko akakichomoa kile kidude sikioni, akakiweka juu ya mto wa mahameli. "Ndugu watazamaji," akasema, "nimekamatwa." Akapanda ngazi.

Edgar akakata kwenda kwenye tangazo. Lilikuwa la sabuni. Dereva wa lori, ambaye hakuwa akilipwa na Edgar na mama yake ni mtu wa Ikwiriri, akawasha injini na kuanza kugeuza. Nilichukua maikrofoni ya mkono na kinasa sauti nikakimbia kando ya lori. Kazi ni kazi, nilitaka kumsikia. Bi Tatu akainama ubavuni mwa boti, akaninyooshea mkono.

"Selemani, kofia yangu."

Niliivua kwenye maikrofoni, nikampa. Akaikunja, akaiweka kifuani. "Humu itapata kichwa," akasema. Ndiyo maneno ya mwisho yanayosikika kwenye mkanda ule. Baada ya hapo ni upepo tu, na siujutii.

Matangazo yalipokwisha na kamera kurudi, nchi nzima iliona uwanja mtupu, vumbi, na mrembo aliyekuwa akiuliza wenzake wamekwenda wapi. Wapinzani wetu walisema ndicho kipindi bora tulichowahi kurusha. Meneja hakuwa na la kufanya. Gazeti lilimsifu kwa ukarimu, naye akalazimika kuwa mkarimu. Mfuniko unga wake ulimwagika, sura yake ikaondolewa kwenye pakiti akawekwa yule mwanasoka wa fito. Alihangaika kwa muda mrefu kabla nyinyi hamjamjua. Sikuwahi kumsikia akinuna. Boti ilibadilishwa injini, ikazibwa, ikapakwa rangi, jina la sabuni likafutika. Kofia imevaliwa na vichwa vingi mpaka ule ukijani lazima uambiwe ndipo uuone.

Kwa hiyo, wanangu, alipokufa Mfuniko, Bi Tatu alipanda boti ile ile mpaka Nyamisati, kisha basi mpaka Dar, na miguu yake sasa ni mibovu. Hakuja kuaga kama wale wenye miwani, wala hakualikwa. Alikuja kazini. Alipompokonya mtu koleo alikuwa anachimba sehemu yake. Alipokalia kifusi alikuwa amekamata kaburi, na mjane, ambaye ni wa Songea na anajua, alimfuata akalikomboa kwa kumpigia magoti. Kwenye klipu yenu mmeikata sehemu hiyo, labda haikuwa na mtu maarufu.

Kisha akainama. Upepo ulikuwa mkali, simu zenu zilikuwa uchi, hamkupata kitu. Mimi nilisikia. Aliinua kidole, akalipiga kaburi jicho moja, na kwa sauti ya marehemu mwenyewe, machozi yakimtiririka, akasema:

"Usiondoke hapo ulipo. Tunarudi sasa hivi."